Kwa nini watu wazima Dar tunapimwa presha na sukari tukiwa tumeshaanguka?

#1 Jirani wa Segerea (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna fundi magari mtaani kwetu, Tabata Segerea, amezikwa Jumapili. Miaka arobaini na kidogo, mwili wa kazi, hanywi wala havuti. Alianguka gereji mchana, mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande. Alipofikishwa hospitali presha ilikuwa juu mno, na daktari akaieleza familia kwamba haikuanza siku ile. Moyo ulishatanuka na figo zilishaanza kushindwa kazi. Mkewe anasema hakuwahi kumsikia akilalamika hata kichwa.

Gereji yenyewe inatazamana na duka la dawa. Mashine ya presha iko juu ya kaunta, kupimwa ni buku. Mafundi wanaingia pale kila siku kununua Panadol na dawa ya mafua, wanatoka zao.

Dai langu: tatizo si fedha, ni hofu ya jibu. Mtu anaona heri asijue. Nipingeni kwa hoja. Na wataalamu mliomo humu mtuambie, mtu wa miaka 30 mpaka 50 asiyeumwa popote akapime nini hasa?

#2 Muuza Mihogo Kigogo

Poleni na msiba. Hofu naikubali nusu. Kupimwa buku, haya, dawa je? Ukiambiwa una presha umeambiwa utameza vidonge maisha yako yote. Biashara yangu ikilala siku mbili mtaji umeliwa. Watu hawaogopi jibu, wanaogopa kinachokuja nyuma ya jibu.

#3 Boda wa Mwenge

Naungana na #2, naongeza muda. Pikipiki si yangu, jioni bosi anataka hesabu yake, awe na huruma asiwe nayo. Kituo cha afya ukifika asubuhi unapanga foleni ya kufungua kadi, foleni ya daktari, foleni ya maabara, halafu unarudi tena kwa daktari kusomewa majibu. Jua limeshageuka. Kwa mtu anayeumwa sawa, atavumilia. Kwa mtu mzima wa afya aache abiria akakae kwenye benchi? Ngumu.

#4 Nesi wa Mbagala

Mwanzisha uzi, hiyo buku ya duka la dawa ina faida, ila niseme jambo kuhusu namna tunavyopimwa, maana watu wanapewa namba zisizo zao.

Mtu anatoka juani, kapanda ngazi, anafika kaunta anasimama. Anakunja mkono wa shati mpaka unabana. Mkono unaning'inia. Mkanda wa mashine mdogo na mkono wa mtu mnene, na wakati mashine inajaza upepo yeye anaongea na simu. Kila kimoja kati ya hivyo kinapandisha namba. Anaambiwa una 150, anapewa kidonge. Au mwingine anaambiwa mashine ina hitilafu, anaondoka na 160 yake ya kweli.

Inatakiwa ukae dakika 5 umetulia, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya nguo. Kahawa na sigara ziwe zimepita nusu saa. Ukabanwa na mkojo nenda kwanza. Nyamaza. Upimwe mara 2, uchukue wastani. Ikifika 140/90 au zaidi rudi siku nyingine upimwe tena, ikibaki hapo ndipo tunaita shinikizo la juu la damu. Ila ukikuta 180/120 huku kifua kinabana, macho yana ukungu au mkono umelegea, hapo hakuna cha siku nyingine. Hospitali saa hiyohiyo.

Na Muuza Mihogo, kaka yangu, dawa za presha za kuanzia ni za miaka mingi na zina matoleo ya bei nafuu. Gharama ya kiharusi huiwezi. Mtu mmoja akilala, na mwingine nyumbani anaacha kazi amhudumie.

#5 Kipanga wa Sinza

Kwa hiyo nesi, kumbe ndiyo maana kila nikipimwa naambiwa niko juu, mimi huwa naongea hata kwenye kiti cha kinyozi.

#6 Nesi wa Mbagala

Kipanga, nyamaza dakika 5 halafu urudi na namba hapa.

#7 Mwalimu Kimara

Nimesoma wote, naona tunazunguka jambo lenyewe. Mtoto akizaliwa Dar anapewa kadi ya kliniki. Ina tarehe za chanjo, ina mchoro wa uzito, mama akikosa siku anaulizwa. Mjamzito ana kadi yake. Mtoto akitimiza miaka mitano, kadi inaishia hapo. Kuanzia hapo mpaka unapoanguka gereji hakuna mtu aliyekuandikia tarehe ya kurudi. Mwanamke angalau anarudi kliniki akibeba mimba, pale anapimwa presha, mkojo, damu. Mwanaume haitwi na mtu yeyote.

Kwa hiyo Jirani wa Segerea, marehemu huenda hakuogopa lolote. Hakuitwa tu. Watoto wetu hawapati chanjo kwa sababu sisi ni majasiri, wanapata kwa sababu kadi inasema lini. Nasimama hapo.

#8 Jirani wa Segerea

Mwalimu, hoja nzito. Lakini mbona kwenye maonyesho ya Sabasaba mabanda ya kupima bure yapo, wanaitwa kwa spika, na wanaume wanapita kwenda kuangalia magari?

#9 Mwalimu Kimara

Kuitwa kwa spika ni tangazo. Mimi nasema kuitwa kwa jina lako na tarehe yako.

#10 Mzee wa Magomeni

Wanangu, hofu ya kupima tulishaishinda huko nyuma. Mwaka 2005 Rais Kikwete alipima UKIMWI hadharani, watu wakajazana kwenye vituo. Ugonjwa ule ulikuwa unatisha kuliko presha mara mia, na bado tulipanga mstari. Viongozi wapime sukari mbele ya kamera, mtaona.

#11 Mtu wa Maabara

Mzee wangu shikamoo. Ilikuwa Julai 2007, hapa hapa Dar, viwanja vya Mnazi Mmoja, na mama Salma alipima siku hiyo. 2005 ndiyo mwaka aliochaguliwa.

Na mfano wako unampa nguvu Muuza Mihogo zaidi kuliko Jirani. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Watu walipanga mstari 2007 kwa sababu aliyekutwa navyo alikuwa na pa kwenda. Ningekuwa na uwezo ningeweka dawa za presha na kisukari kwenye mpango uleule, halafu tuone kama hofu itabaki.

#12 Mzee wa Magomeni

Marahaba. Nimepokea masahihisho.

#13 Binti Ukonga

Samahani nitoke kidogo nje. Karibu na stendi kuna hema, wanapima mwili mzima kwa bei ya chipsi kuku. Unashika kijiti cha chuma mkononi, kompyuta inatoa karatasi ndefu: ini, figo, moyo, uti wa mgongo, madini, hata kumbukumbu. Mimi imeniambia figo zimechoka na damu nzito, nikauziwa makopo ya virutubisho. Sijayanywa bado. Kuna ukweli humo?

#14 Mtu wa Maabara

Dada yangu, usinywe, na usilale kwa hofu. Kazi yangu ni kushika damu za watu mchana kutwa, nisikilize.

Ukitaka kujua figo, nachukua damu kwenye mshipa, natafuta kreatinini, taka ambayo figo nzima huichuja, na nachukua mkojo natafuta protini. Ukitaka ini natafuta vimeng'enya vyake kwenye damu. Sukari, tone la damu ya kidole linatosha kwa kuanzia. Hakuna namna kiganja kilichoshika chuma kitoe habari ya kreatinini. Ingekuwepo, mimi na wenzangu tungeacha kuchoma watu sindano kesho asubuhi. Angalia pia mwisho wa ile karatasi: kila mtu anakutwa na tatizo, na kila tatizo lina kopo lake mezani.

Nina hasira na biashara hii. Mtu mwenye kisukari halisi anaambiwa ana upungufu wa madini, anaridhika, anarudi nyumbani na sukari yake. Wengine wanafika kwetu kidonda cha mguu kimeshaoza. Kacheki figo kihalali kwenye maabara ya kituo chochote cha afya, na mkojo wa asubuhi beba.

#15 Binti Ukonga

Shukrani sana kaka. Kesho naenda.

#16 Daktari wa Zamu

Nimetoka kazini, nimeusoma uzi kwenye mwendokasi. Nijibu swali la mwanzisha uzi, ambalo limefunikwa na mjadala wa sababu.

Mtu asiyeumwa, kipimo cha kwanza kabisa ni presha, na kuanzia umri wowote wa utu uzima. Sukari, kuanzia 40, au mapema zaidi ukiwa na kitambi, mzazi au ndugu mwenye kisukari, au kama mama ulipata sukari wakati wa ujauzito. Ukiwa hujala kwa saa 8, chini ya 6.1 mmol/L ni sawa, 7.0 na kuendelea ukirudia siku nyingine ikawa hivyohivyo ni kisukari. Katikati ya hapo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote ya kugundulika, kwa sababu wengi wanaweza kurudi nyuma kwa chakula, mwendo na kupunguza uzito, bila kidonge. Watu hawaipati nafasi hiyo kwa sababu sukari ya 6.5 haiumi popote.

Homa ya ini aina ya B, pima mara moja. Huna, chanja dozi 3. Unayo, unafuatiliwa, kwa kuwa virusi hivyo vinaweza kuleta saratani ya ini vikiachwa. VVU mnajua. Wanawake kuanzia 30 mlango wa kizazi, na mwenye VVU aanze 25. Matiti, mwanamke ayajue ya kwake, uvimbe usiouma usimfanye akae nyumbani kwa sababu hauumi.

Sasa upande wa pili, na hapa najua nitapingwa. Si kila kipimo kinakusaidia. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 1968 vigezo vya Wilson na Jungner vya kuamua ugonjwa gani utafutwe kwa watu wasioumwa, na kimoja kinasema ugonjwa unaoutafuta uwe na tiba inayofaa zaidi ukiwahiwa. Korea Kusini walianza kuwapima watu wazima tezi ya shingo kwa ultrasaundi. Kufika 2011 waliogundulika na saratani ya tezi hiyo walikuwa mara 15 ya 1993. Vifo? Vilibaki palepale. Maelfu walikatwa tezi, wakabaki na kidonge cha kila siku, kwa vivimbe ambavyo vingi visingewadhuru. Kwa hiyo mkiona tangazo la vipimo 50 kwa mpigo, ulizeni kila kimoja kitabadilisha nini kwenye matibabu yenu.

#17 Jirani wa Segerea

Daktari, nimekuelewa, ila ukiandika hivyo watu watachukua hiyo aya ya mwisho kama ruhusa ya kukaa nyumbani. Dar hatuna tatizo la Korea. Sisi tuna tatizo la kufika saratani ikiwa hatua ya 4, imeshasambaa.

#18 Daktari wa Zamu

Kweli, na ndiyo maana nimeanza na presha. Lakini fedha ya familia ni ileile moja. Mtu akiimaliza kwenye picha za mwili mzima, hana ya kurudia presha mwezi ujao.

#19 Mama Zakia

Assalaam alaykum. Niwaeleze akina dada kuhusu mlango wa kizazi, maana nimesikia wengi wanaogopa kwa kutojua kinachofanyika.

Kliniki ya mama na mtoto, chumba kina pazia. Unalala kama unapimwa mimba. Nesi anaingiza kifaa cha kufungulia, kina ubaridi, unabana kidogo, anakwambia vuta pumzi. Anapaka siki iliyopimwa kwa pamba, anasubiri kama dakika moja, anaangalia kwa taa. Penye shida panabadilika panakuwa peupe. Basi. Mimi nilikutwa na kidoa. Waliniuliza kama niko tayari kutibiwa siku ileile, wakakichoma kwa joto, nikasikia maumivu ya tumbo kama ya siku zangu, nikakaa kidogo nikapanda daladala nikaenda Temeke kupika. Haikuwa saratani. Ilikuwa njia ya kwenda huko, na imekatwa.

Shangazi yangu, dada wa baba, alikwenda na damu inatoka ameshapungua, akapelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani, akapigwa mionzi. Tulikuwa tumeshachelewa. Mwaka mzima nilikuwa nakaa naye pale kwenye mabenchi nje, upepo wa bahari unapiga, wanawake kutoka mikoa yote na kanga zao na vikapu. Kila niliyeongea naye alisema hakuwahi kuchunguzwa. Ndiyo maana naandika hapa bila kuona haya.

#20 Kipanga wa Sinza

Mama Zakia Mungu akulipe. Mke wangu anasoma hapa begani kwangu.

#21 Mpenda Historia Upanga

Jengo la Ocean Road ni la Wajerumani, lilikamilika 1897. Hospitali ya kansa pale ilianzishwa 1996.

#22 Daktari wa Zamu

1996 ndiyo ikawa taasisi inayojitegemea, kwa sheria ya Bunge. Matibabu ya saratani yalikuwepo kabla, chini ya Muhimbili. Na mwambieni kila mtu kwamba pale kuna kitengo cha uchunguzi, si lazima uwe mgonjwa kuingia geti lile. Wengi wanaliogopa geti.

#23 Dada wa Kijichi

Chanjo ya mlango wa kizazi binti yangu wa darasa la tano ameletewa fomu shuleni. Nilisikia ni kwa wa miaka 14 na dozi mbili. Yeye ana 10. Na kuna ujumbe WhatsApp kwamba inafunga uzazi.

#24 Nesi wa Mbagala

Ulichosikia ni cha 2018 ilipoanza nchi nzima. Tangu 2024 ni dozi 1, miaka 9 mpaka 14. Jaza fomu. Inazuia kirusi cha HPV, na aina mbili tu za kirusi hicho, 16 na 18, ndizo zinaleta kama asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Inatolewa mapema kwa sababu inafanya kazi vizuri kabla msichana hajakutana na kirusi chenyewe. Uzazi haiugusi. Akifika 30 bado atakwenda kuchunguzwa kama Mama Zakia, chanjo haifuti uchunguzi.

#25 Boda wa Mwenge

Wanaume tezi dume mbona mmeikwepa? Tuambiwe ukweli kuhusu kidole.

#26 Kipanga wa Sinza

Swali lililomleta boda kwenye uzi hatimaye limefika.

#27 Daktari wa Zamu

Kipimo cha kuanzia ni damu, PSA, yaani protini inayotoka kwenye tezi dume. Ikiwa juu haimaanishi saratani. Tezi ikikua tu kwa umri inapanda, ukiwa na maambukizi ya mkojo inapanda, hata ukiwa umetoka kushiriki tendo juzi inaweza kupanda. Ikiwa chini nayo haimalizi maneno, ndiyo maana kidole kinaongezwa, na hakimalizi hata dakika. Daktari anaingiza kidole njia ya haja kubwa, anahisi kama tezi ni laini au ina kigumu. Huwa nawaambia wanaume wazungumze na daktari kuanzia 50, na kama baba au kaka aliugua, 45 au mapema. Sisi wenye asili ya Afrika hatari yetu ni kubwa zaidi.

#28 Mzee wa Magomeni

Nilipimwa. Nilikuwa naamka usiku kucha, mkojo unatoka kwa vipande. Ikaonekana tezi imekua, si kansa, natumia dawa na nalala. Rafiki zangu wawili wa kijiweni walikataa kidole kwa kulinda heshima. Mmoja leo mgongo umeshambuliwa, hatembei. Vijana acheni kucheka hilo neno.

#29 Boda wa Mwenge

Mzee nimenyamaza. Ahsante.

#30 Jogger wa Kigamboni

Mnaongea vipimo tu, kinga je? Sisi huku Jumamosi alfajiri tunakimbia, fulana rangi moja, ngoma mbele. Tangu nianze nimepungua na presha imeshuka bila dawa. Dar ifanye mazoezi, hospitali zitapumua.

#31 Muuza Mihogo Kigogo

Jogger, na mkimaliza mnatua wapi? Mimi nawaona. Supu ya kongoro bakuli kubwa, chapati mbili, chumvi mnaongeza kabla ya kuonja, halafu bia zinaanza saa nne asubuhi.

#32 Nesi wa Mbagala

Mbio zao ni nzuri, wasiache. Kinachotakiwa ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya uhema, hata kutembea kwa kasi kutoka kituoni mpaka nyumbani kunahesabika. Lakini chumvi ya siku nzima haitakiwi kuvuka gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya mchuzi, ya mkate, ya kachumbari na ya kiungo cha kopo. Bakuli la supu la mtaani likiongezewa chumvi nyingine juu limeshakula sehemu kubwa ya hicho kijiko.

Kingine rahisi: chukua futikamba ya fundi cherehani, zungusha tumboni kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida, usibane tumbo. Kiuno kikizidi nusu ya urefu wako, nenda kapime sukari. Usisubiri kiu.

#33 Mswahili wa Kariakoo

Nawasoma kimya tangu mwanzo. Kuna sababu moja hakuna aliyeisema, na kwetu Pwani ndiyo ya kwanza. Mtu akipooza ghafla, nyumbani hawasemi presha. Wanasema upepo mbaya, au katupiwa jini. Anapelekwa kwa mganga siku tatu za kwanza, ambazo ndizo daktari angezitaka. Hata akirudi hospitali, ndugu zake hawaendi kupimwa, kwa sababu kwao ugonjwa ulitoka kwa mtu. Haukutoka kwenye damu ya ukoo. Fundi wa Segerea ana ndugu wangapi? Kuna aliyepimwa baada ya maziko?

#34 Jirani wa Segerea

Mswahili, umenigusa. Wako wanne mjini. Mdogo wake ameshaanza kusema kuna mtu gerejini alimwonea wivu.

#35 Daktari wa Zamu

Wapelekeni hao wanne wiki hii. Presha inatembea kwenye familia. Na kwa kiharusi, ni saa chache za mwanzo zinazohesabika, hata siku tatu ni mbali mno. Mdomo kupinda, mkono kushindwa kunyanyuka, maneno kuvurugika: beba mtu, usimpe maji wala chakula.

#36 Dada wa Ubungo Kibangu

Kaka yangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Alikuwa dereva wa lori, mgongo ukimuuma anachomwa diclofenac, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo, kila kituo, bila kupimwa chochote, na presha ilikuwemo humohumo. Nani kati yenu anajua gharama yake kwa familia? Tumeuza kiwanja. Muhimbili wanapandikiza figo tangu Novemba 2017, na mimi nimejitolea, tuko kwenye vipimo. Naomba dua zenu. Na kwa yule aliyesema dawa ya presha ni ghali: kaka, njoo nikuonyeshe ghali.

#37 Muuza Mihogo Kigogo

Dada, Mungu awafanyie wepesi. Sijasema presha iachwe. Nasema mtu wa mtaji wa elfu hamsini haoni ya miaka kumi ijayo, anaona ya jioni. Ndiyo hali yenyewe, na mkitusema waoga mnatuonea.

#38 Mkazi Mbezi Juu

Lakini gari mnalipeleka sevisi kila kilomita elfu kadhaa, na halijawasha taa nyekundu. Mwili je?

#39 Boda wa Mwenge

Mkuu wa Mbezi, gari likiwa gereji wewe unapanda daladala, kazi inaendelea. Mimi nikiwa kwenye benchi nani anaendesha? Leteni nesi na mkanda wake kijiweni saa kumi na mbili asubuhi kabla abiria hawajajaa, tuko zaidi ya thelathini pale Mwenge, tutapimwa wote. Hapo hamtasikia neno hofu.

#40 Mwalimu Kimara

Boda kasema lile nililosema #7 kwa lugha yake. Kaitwa, mahali alipo, kwa saa yake.

#41 Jirani wa Segerea

Bado, Mwalimu. Ofisini kwetu kuna bima, zahanati iko ghorofa ya chini, ruhusa inatolewa, barua pepe ya kuitwa inakuja na jina lako. Wanaume tuliokwenda mwaka huu hatujai meza moja. Fedha ipo, muda upo, wito upo. Nielezeni hao.

#42 Dada wa Ubungo Kibangu

Hao uliowataja, kuna hata mmoja ambaye mkewe anajua namba yake ya presha? Uliza hilo kwanza kabla hujaandika ni hofu.

#43 Mswahili wa Kariakoo

Au wanahofia majibu kufika kwa mwajiri. Zahanati ya ofisini mimi mwenyewe nisingeingia, ningekwenda hospitali ya Mnazi Mmoja.

#44 Nesi wa Mbagala

Boda, nitumie ujumbe wa faragha kijiwe kiko upande gani, niulize kwa mganga mkuu wetu kama tunaweza kuazima mashine mbili na mkanda mkubwa. Tukija, kahawa ya alfajiri msinywe mpaka tumalize.